Barua za mafundi: tenki la mafuta la gari la kujiundia

Mbukwenyi wasomaji wangu. Barua za toleo hili nimezipanga mezani nikakuta nne zinauliza kitu kimoja, tenki la mafuta kwenye magari ya kujiundia, nikaona bora nizijibu zote kwa pamoja. Kila mavuno yakianza naletewa vigari vya namna hii nivitazame, na vijana kazi wanaijua kwelikweli, chasisi imenyooka, breki zinashika, ila ukiuliza mafuta yanakaa wapi unaonyeshwa dumu.

Swali: Fundi, habari za kazi. Niko Kibaigwa, nimeunda kigari cha kubebea magunia kutoka shamba mpaka sokoni, chasisi nimekata ya pikapu na injini ni 5K ya kabureta iliyotoka kwenye Townace. Kwa sasa inanyonya petroli kwenye dumu la lita 20 nimelifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Nataka tenki la kueleweka la kunifikisha Dodoma na kurudi. Nitumie bati gani, umbo gani, nilifunge wapi? Kuna jamaa kaniambia nikate dramu la zamani la thina nichomelee. — Msomaji, Kibaigwa

Jibu: Mdogo wangu hongera kwa kazi, lakini hilo dumu litoe leo, usisubiri tenki liishe. Kinachowaka kwenye petroli sio yale maji yake, ni mvuke, na petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa fikiria saa nane mchana hapo Kibaigwa. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa mara tatu mpaka nne kwa hiyo haupandi juu kama moshi, unateremka, unatambaa sakafuni, unajaa chini ya kiti chako, na hapo unachohitaji ni cheche moja tu ya waya wa betri uliolegea. Wote tunaikumbuka Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka watu wakasogea na madumu, moto ukawakuta katikati ya mvuke na zaidi ya watu 100 wakafariki. Kwa hiyo ukikaa kuchora tenki lako usifikirie mafuta peke yake, fikiria na mvuke, utakaa wapi, utatokea wapi na utakutana na nini huko njiani.

Dramu la thina sahau kabisa, sababu utaikuta kwenye jibu la barua ya Manyoni hapo chini.

Tuanze na ukubwa. Kibaigwa mpaka Dodoma na kurudi inakaribia kilomita 200, na 5K ikiwa na mzigo tuseme inakupa kilomita 8 kwa lita, hapo unahitaji lita 25, kwa hiyo tenki la lita 40 na kitu linakutosha na akiba inabaki. Hesabu ni rahisi, pima kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, gawa kwa 1000 unapata lita. Sentimita 60 kwa 40 kwa 20 inakuja 48,000, yani lita 48. Ila usijaze zote, acha kama sehemu moja ya kumi iwe hewa ubaki na lita 43, maana petroli inatanuka ikipata joto. Umejaza alfajiri ya mwezi wa sita kuna baridi, mchana joto limepanda nyuzi 20, zile lita 43 zinaongezeka zaidi ya robo tatu ya lita, na zikikosa pa kwenda zitatokea kwenye mfuniko na kutiririka chini ya gari. Mafundi tunafanya hivi: pembeni ya shingo ya kujazia unaweka kabomba kembamba ka kutolea hewa wakati wa kujaza, na mdomo wake unaushusha ndani ya tenki sentimita 2 kutoka kwenye paa, mafuta yakiufikia mdomo huo hewa inakosa njia, shingo inajaa, mhudumu wa sheli anaona imetosha na juu inabaki nafasi.

Bati chukua shiti nyeusi ya milimita 1.5, ile geji 16. Nusu ya shiti ya futi 8 kwa 4 inakutosha na vipande vya ndani vyote. Usichukue bati la kuezekea, lile lina zinki, ukilichomelea linatoa moshi mweupe unaokuumiza mapafu. Aluminiamu ni nzuri na nyepesi, lakini inataka unene wa kama milimita 3 na fundi wa TIG, ile welding ya umeme inayotumia gesi ya agoni, anayejua anachofanya, ukimkosa achana nayo.

Halafu kunja, usikate. Vijana wengi wanakata vipande sita wanaunganisha kama sanduku, unakuta tenki lina mishono kumi na mbili na yote iko kwenye kona ambako mtikisiko unapiga zaidi. We chukua kipande kirefu, kipeleke kwa mafundi bati au karakana yenye mashine ya kukunjia, kikunjwe kiwe chini na pande mbili kwa mara moja, kona ziwe za mviringo kidogo zisiwe kali kama kisu. Kingo zote zikunje nje sentimita 1 na nusu kama mdomo wa karai, mdomo ukutane na mdomo, uchomelee pale pembeni, hapo mshono uko nje ya kona na bati linapata pa kuchezea bila kupasuka.

Ndani sasa, na hapa ndo watu wanaruka. Nadhani umeshamwona mama anatoka kisimani na ndoo kichwani, juu ya maji kaweka tawi la majani. Bila yale majani kila hatua maji yanapiga ukingo wa ndoo, yanarudi, yanapiga tena kwa nguvu zaidi mpaka yanamwagika begani, akiweka majani wimbi linavunjika kabla halijakua. Tenki nalo linataka majani yake. Chomelea vipande viwili vya bati ndani, kimoja kila sentimita 20, visimame wima kukata urefu wa tenki, kila kipande kikate kona zake za chini na za juu upana wa vidole viwili, chini mafuta yapite, juu hewa ipite, na katikati toboa matundu machache. Lita 43 za petroli ni kama kilo 32, sasa kilo 32 zikipiga ukuta wa mbele kila ukikanyaga breki kwenye makorongo ya njia za shamba, mshono gani utakaa? Na ukiwa kwenye mlima mafuta yakikimbilia nyuma yote, bomba linanyonya hewa na injini inaanza kukohoa.

Bomba la kunyonyea litokee juu ya tenki, lisitoboe chini. Mpira ukichomoka juu gari linazima tu, ukichomoka chini unamwaga tenki zima barabarani. Liishie sentimita 1 na nusu juu ya sakafu ya tenki ili uchafu na maji vibaki chini, na sehemu ya chini kabisa weka nati ya kumwagia hayo maji.

Sasa pa kulifunga. Sio nyuma ya kiti, na sio nyuma kabisa karibu na bampa. Kule Marekani mwaka 1978 kampuni ya Ford iliita magari kama milioni 1.5 ya Pinto na ndugu yake Mercury Bobcat yarudi kurekebishwa, tenki lilikaa kati ya bampa na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, gari likigongwa kwa nyuma tenki linasukumwa kwenye difu linatobolewa na shingo ya kujazia inachomoka. Marekebisho yenyewe yalikuwa kuweka ngao ya plastiki kati ya tenki na difu, na shingo ndefu zaidi. Kwa hiyo we liweke mbele ya difu, ndani ya reli za chasisi, upande ambao bomba la moshi halipiti, na kama bomba halina pa kupita zaidi ya hapo weka bati la kukinga joto katikati yao na nafasi ya hewa pande zote mbili. Funga kwa mikanda miwili ya chuma yenye kipande cha mpira chini yake, usichomelee masikio kwenye tenki lenyewe, yatapasua bati. Na toa waya kutoka tenki na kutoka shingo ya kujazia mpaka chasisi, kiangazi chetu ni kikavu sana na umeme wa msuguano wakati wa kujaza unaruka kirahisi kuliko kwenye unyevu wa Pwani.

Kupima kuvuja, nakuomba sana usiweke kompresa. Wengi wanaona upepo hauna madhara kwa sababu hauonekani. Chukua ule upande wa 60 kwa 40, presha ya nusu mita ya maji tu, ambayo ni kidogo mno hata geji ya tairi haiisomi, inausukuma kwa uzito wa kilo 120, yani zaidi ya gunia zima la mahindi limelala juu ya bati. Kompresa ya karakana ina presha zaidi ya mara mia ya hiyo. Fanya hivi: ziba matundu yote libaki moja, hapo unganisha pampu ya baiskeli pamoja na mpira mwembamba wa kuonekana ndani, ule mpira uning'inize umbo la U ukiwa na maji, pampu taratibu mpaka maji ya upande mmoja yapande nusu mita juu ya mwenzake, acha hapo, pakaza povu la sabuni kwenye mishono yote na utazame. Povu likivimba mahali, weka alama kwa chaki, toa upepo wote, rudi kuchomelea. Tenki likiwa bado jipya halijaonja petroli unaweza kurudi mara kumi. Yakishaisha hayo ndo ufunge, na barabara kuu ya Morogoro usiiingie mpaka kigari kikaguliwe na kusajiliwa.

Swali: Fundi mwanangu, mimi ni mzee wa Bahi, wajukuu wameniundia kigari cha kutolea mpunga bondeni. Kinakwenda vizuri kama nusu saa, halafu kinapungua nguvu, kinazima. Tukifungua mfuniko wa mafuta tukafunga tena kinawaka, tunaenda nusu saa nyingine. Wamebadilisha filta, wamefungua kabureta mara tatu, hela imekwisha. — Msomaji, Bahi

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hao wajukuu waambie waiache kabureta, haina kosa. Wakati mnafungua mfuniko sikilizeni, mtasikia kama "fyuuu", hiyo ni hewa inaingia ndani kwa pupa. Tenki halipumui. Injini inanyonya mafuta, mahali palipokuwa na mafuta panataka hewa iingie, isipoingia ndani kunabaki kuvuta, na pampu inafika mahali inashindwa. Unaweza kukuta hata bati limeanza kubonyea kwa ndani, lipapaseni mtaona.

Kama mfuniko ni wa kuokoteza, wa pikipiki kwa mfano, ule una kitundu kidogo cha kupumulia na vumbi letu linakiziba ndani ya wiki moja, zibueni kwa sindano mjaribu. Lakini dawa ya kudumu ni kutoa bomba la pumzi juu ya paa la tenki, mpira wake upande juu kuliko mdomo wa kujazia, uzunguke hapo, ushuke uishie chini ya chasisi mbali na bomba la moshi na mbali na dereva. Ule mzunguko wa juu unazuia mafuta yasimwagike gari likilala kwenye tuta. Mdomoni wekeni kipande cha sponji kuzuia vumbi, waoshe kila mwezi. Na kwa sababu vigari hivi vimeinuka juu na vinapinduka, wajukuu watafute ile vali ndogo yenye gololi inayojifunga gari likigeuka, zinapatikana kwenye matenki ya magari chakavu, waifunge kwenye huo mpira. Mpira wenyewe uwe wa mafuta, sio wa kumwagilia maua, ule ukinywa petroli unakakamaa kama mfupa na kupasuka.

Swali: Habari fundi. Tenki la pikapu limetoboka kwa kutu, nimelinunua nilifunge kwenye gari ninalounda. Nimelikausha juani siku tatu, halina hata tone, na nimeliosha kwa sabuni ya unga. Naweza kuchomelea sasa? — Msomaji, Manyoni

Jibu: Hapana kaka, usichomelee. Nimelisoma neno lako "halina hata tone" mara mbili mbili nikakumbuka karakana moja niliyokuwa najifunzia kazi nikiwa kijana. Fundi mkubwa alileta tenki lililokaa wazi wiki nzima, kavu, unaligonga linalia kama debe, akawasha gesi. Sikusikia hata mlio vizuri, nilichoona ni lile tenki limekuwa duara kama mpira na limeruka mpaka ukutani, na fundi amekaa chini anajishika uso. Alipona, lakini jicho moja halikurudi, na hakuwa mzembe, alikuwa mtu makini kuliko wote pale. Alichokosa ni hiki ninachokwambia.

Mvuke wa petroli unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Tenki lililojaa mafuta ndani mna mvuke mwingi na hewa kidogo, lililo tupu ndo lina mchanganyiko wa kulipuka. Na kiasi chenyewe kinachotosha kulilipua tenki la lita 48 ni kama kijiko kimoja cha chai cha petroli. Kijiko kimoja kinakaa wapi? Kwenye kutu, kwenye mikunjo ya mishono, nyuma ya vile vipande vya bati vya ndani vya kuvunja wimbi, ukigusa unaona pakavu, ukileta moto joto linakifukuza kinatoka kuwa mvuke. Jua la siku tatu halikitoi, sabuni ya unga ya ndoo moja haikifikii. Na dramu la thina la yule kijana wa Kibaigwa ni hivyohivyo, kwa hiyo mdogo wangu kama unasoma hapa, sababu ndo hii.

Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa njia salama, wanalichemsha kwa mvuke wa maji ya moto kwa masaa, kisha wanalijaza gesi isiyowaka kama nitrojeni au agoni muda wote wa kuchomelea, na wanapima kwa kifaa kabla ya kuwasha. Kama huna huyo mtu karibu, tenki la kutu halina thamani ya kufanya hivyo, kutu iliyotoboa tundu moja imeshakula mengine kumi yanasubiri. Kata hasara, tengeneza jipya kwa vipimo nilivyompa mwenzako hapo juu. Na usilikate kwa grinda ukidhani grinda sio moto, zile cheche zinatosha kabisa. Ukiwa njiani na tenki likaanza kudondosha, sabuni ya kipande ikandike kwenye tundu na kitambaa juu, petroli haiyeyushi sabuni, itakufikisha nyumbani. Kukufikisha tu.

Swali: Fundi, mume wangu anaunda gari la injini ya dizeli ile ya silinda moja, anataka kutengeneza tenki kwa bati la zinki lililobaki kwenye ujenzi, na mabomba ya shaba kwa sababu hayashiki kutu. Dizeli si haiwaki kirahisi? — Msomaji, Kondoa

Jibu: Dada, ni kweli dizeli haitoi mvuke wa kuwaka kwenye joto la kawaida kama petroli, inataka ipashwe kupita nyuzi 50 na kitu hivi, kwa hiyo hapo shemeji ana nafuu, japo ikirushwa juu ya bomba la moshi lenye moto inawaka vizuri tu. Tatizo lake ni lingine. Dizeli na zinki haviendani, vikikaa pamoja vinatengeneza kitu kama utelezi wa sabuni unaokwenda kuziba filta na nozeli, kile kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya injini, mtakuwa mnanunua nozeli mkidhani ni feki. Shaba nayo inaiharakisha dizeli kuchacha na kufanya gundi. Atumie shiti nyeusi ileile ya milimita 1.5, mabomba ya chuma na mpira wa dizeli, na asisahau bomba la pili la kurudishia, maana nozeli inavujisha kidogo na hayo mafuta lazima yarudi tenkini, lirudi mbali na bomba la kunyonyea yasije yakaingiza mapovu.

Akimaliza kuchomelea atie kokoto safi na maji kidogo ndani, alitikise mpaka magamba ya welding yatoke, amwage, arudie mpaka maji yatoke masafi, halafu alikaushe juani haraka siku hiyohiyo, maana maji ya visima vyetu yana chumvi na yakilala ndani usiku mmoja asubuhi anakuta kutu. Likikauka tu asuuze na dizeli lita moja, aimwage, ndo afunge filta.